Seli na Kazi Zake: Funzo la Kimelea cha Malale katika Nchi ya Unyamwezi

Mji wa Tabora, pamoja na mitaa yake kama Isevya, ulikua kutokana na kazi ya mabega ya watu. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na pwani ya Mrima ilifika hapa, kisha ikagawanyika: tawi moja likaendelea magharibi hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, na jingine likaelekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32, na safari ya kutoka pwani ilichukua miezi mitatu au zaidi. Pembe za ndovu, nguo, shanga, nyaya za shaba na baruti, vyote vilipita katika misitu ya miombo juu ya vichwa na mabega ya binadamu.

Wanahistoria wameeleza kwa urefu habari za biashara hiyo. Mwanafunzi wa sayansi, hata hivyo, hana budi kuuliza swali jingine: kwa nini mizigo hiyo haikubebwa na wanyama? Punda walijulikana pwani na bara. Wanyamwezi walifuga ng'ombe. Magari ya kukokotwa na maksai yalikuwa yakitumika kusini mwa Afrika. Wala si kwamba hakuna aliyejaribu. Richard Burton na John Speke walipoondoka pwani mwezi Juni 1857 walikuwa na punda, na wengi wa punda hao walikufa njiani kabla msafara haujafika Kazeh, mahali palipokuja kuitwa Tabora, mwezi Novemba mwaka huo. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu kutumia magari ya maksai kutoka Saadani kuelekea Mpwapwa. Maksai wao wakafa kwa wingi, na jaribio likaachwa. Mpaka reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, bega la mpagazi ndilo lililokuwa chombo cha uchukuzi.

Wanyama hao waliuawa na mambo mengi: uchovu, malisho haba, fisi na maradhi ya namna mbalimbali. Lakini palikuwapo adui mmoja aliyefunga njia kwa wanyama wa mizigo mwaka hata mwaka, naye hakuonekana kwa macho. Mbung'o, ambaye wenyeji wengi humwita ndorobo, alimwingiza adui huyo katika damu ya mnyama kila alipomuuma. Adui mwenyewe ni kiumbe cha seli moja tu, kiitwacho tripanosoma. Urefu wake ni kati ya maikromita 20 na 30, hata ikiwa vitapangwa 40 hivi kwa mstari mmoja, mstari huo utakuwa na urefu wa milimita moja hivi.

Aina moja ya kiumbe hicho huua punda, farasi na ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana. Aina nyingine, inayofanana nayo kiasi kwamba mtaalamu hawezi kuzitenganisha kwa hadubini, huwapata binadamu na kuwaletea ugonjwa wa malale. Makala haya yanakusudia kueleza muundo wa seli na kazi zake kwa kumtazama adui huyo. Mwanafunzi ataona kwamba kila sehemu ya seli, ambayo mara nyingi hukaririwa kama orodha ya majina kwa ajili ya mtihani, ina sehemu yake katika kuamua nani augue, nani apone, na dawa ipi imponye mgonjwa bila kumwua.

Seli ni nini?

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu kilichoonyesha vitu vidogo kama alivyoviona kwa hadubini. Katika kipande chembamba cha gamba la mti aliona vijumba vidogo vingi vilivyopangana, akavipa jina ambalo ndilo asili ya neno seli. Alichokiona Hooke kilikuwa kuta tu za seli zilizokwisha kufa. Zilipita takriban karne mbili kabla Matthias Schleiden, mwaka 1838, hajatangaza kwamba mimea yote imejengwa kwa seli, na Theodor Schwann, mwaka 1839, kwamba wanyama nao ni hivyo hivyo. Katika miaka ya 1850 tabibu Rudolf Virchow alifundisha mambo mawili yaliyobadili uganga wa kisasa: kwamba kila seli hutokana na seli iliyoitangulia, na kwamba asili ya ugonjwa haina budi kutafutwa katika seli.

Mwili wa mtu mzima una seli zipatazo trilioni 30, na kubwa ya idadi hiyo ni seli nyekundu za damu. Seli hizo hutofautiana kwa umbo na kazi, lakini nyingi zina sehemu kuu zinazofanana. Utando wa seli huizunguka seli yote. Umejengwa kwa tabaka mbili za mafuta, na ndani yake zimepachikwa protini zinazofanya kazi ya malango. Ndani ya utando kuna ute wa seli uitwao saitoplazimu. Katikati ya ute huo kuna kiini, ambamo hutunzwa DNA, yaani maandishi ya urithi. Ribosomu hutengeneza protini kwa kufuata maagizo yatokayo katika kiini. Mitokondria huunguza chakula kwa msaada wa oksijeni na kutoa nguvu. Lisosomu ni vifuko vyenye vimeng'enya vikali vya kusagia vitu vilivyoingia au vilivyochakaa.

Bakteria hawana kiini, wala mitokondria, wala lisosomu. Kwa upande mwingine, wengi wao wana ukuta mgumu nje ya utando, na penisilini hufanya kazi kwa kuzuia ujenzi wa ukuta huo. Kwa kuwa seli za binadamu hazina ukuta wa namna hiyo, penisilini huwaua bakteria na kuziacha seli za mgonjwa salama. Tripanosoma hakitoi nafasi nyepesi namna hiyo. Kimelea hiki kina kiini, kina ribosomu zinazokaribiana na zetu, kina mitokondria na lisosomu. Katika ukoo wa viumbe hai, kimo upande wetu kuliko upande wa bakteria. Hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyofanya dawa ya malale iwe ngumu kupatikana: sumu iwezayo kumwua ndugu mara nyingi humdhuru na mwenye nyumba.

Umbo la tripanosoma

David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, ndiye aliyeonyesha mwaka 1895 huko Zululand kwamba nagana ya ng'ombe huletwa na tripanosoma, na kwamba mbung'o ndiye mchukuzi. Mwaka 1903 alifika Entebbe, Uganda, ambako malale yalikuwa yakiangamiza watu wa mwambao na visiwa vya Ziwa Victoria. Waliokufa katika janga hilo wanakadiriwa kuzidi 200,000. Huko Aldo Castellani alikuwa amekwisha kuona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na Bruce na wenzake wakathibitisha uhusiano wa kimelea, mbung'o na malale. Mwaka 1909 Friedrich Kleine, akifanya kazi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, alionyesha kwamba mbung'o si sindano tu ya kuhamishia damu: kimelea hukua na kubadilika ndani ya mwili wa mdudu kwa majuma kadhaa kabla hakijaweza kumwambukiza mwenyeji mpya.

Tone la damu lililotiwa rangi ya Giemsa na kutazamwa kwa hadubini huonyesha kimelea hiki kikiwa kati ya seli nyekundu, si ndani yake kama vimelea vya malaria. Umbo lake ni refu na lililopinda, kama samaki mwembamba. Katikati kuna kiini kilichoiva rangi. Karibu na mwisho wa nyuma kuna nukta ndogo nyeusi. Kutoka jirani na nukta hiyo huanza mjeledi, uzi mwembamba unaopita ubavuni mwa seli na kutokeza mbele. Mjeledi umeshikamana na utando wa seli, na unapopiga huuvuta utando huo na kuufanya uonekane kama bendera ipeperukayo. Katika damu mbichi isiyotiwa rangi, mtazamaji huona kimelea kikijinyonganyonga na kuzisukuma seli nyekundu huku na huku.

Nukta ile nyeusi huitwa kinetoplasti. Ni fungu la DNA lililomo ndani ya mitokondria. Seli nyingi za binadamu zina mitokondria nyingi, mamia au hata zaidi; tripanosoma kina moja tu, ndefu, inayoenea karibu mwili mzima. DNA yake ni maelfu ya vipete vidogo na makumi kadhaa ya vipete vikubwa vilivyofungamana kama mnyororo wa wavu. Hakuna seli ya binadamu yenye kitu cha namna hiyo.

Mahali mjeledi unapotokea pana shimo dogo katika utando, linaloweza kuitwa mfuko wa mjeledi. Kwa sehemu nyingine zote, ngozi ya kimelea imefungwa. Chakula kikubwa kama protini za damu huingizwa kwa kupitia mfuko huo peke yake, kwa utando kujikunja na kufanya vifuko vinavyosafiri hadi lisosomu. Boma lenye lango moja hulindwa kwa urahisi. Lakini anayelijua lango hilo anajua pia mahali pa kupenyeza sumu.

Koti linalobadilishwa

Mwili wa mgonjwa haukai kimya. Seli nyeupe za damu hutengeneza kingamwili, yaani protini zenye umbo la kushika kitu kigeni kama ufunguo unavyoshika kufuli. Kwa kanuni hiyo tripanosoma, ambacho huelea wazi katika damu bila ya kujificha ndani ya seli, kingepaswa kuangamizwa kwa siku chache. Hakiangamizwi, na sababu imo katika utando wake.

Utando huo umefunikwa na koti la protini za namna moja, zipatazo milioni 10 kwa kila kimelea, zikiwa zimesongamana kiasi kwamba kingamwili haziwezi kufikia kilichomo chini. Kingamwili hutengenezwa dhidi ya koti lenyewe, na vimelea vingi hufa. Lakini ndani ya kiini cha kimelea kuna hazina ya jeni na vipande vya jeni za makoti, zaidi ya 1,000, na kwa wakati wowote ni moja tu inayotumika. Mara kwa mara kimelea mmoja mmoja hubadili jeni itumikayo na kuvaa koti jipya. Kingamwili za awali hazikitambui. Kizazi chake huongezeka, homa hupanda tena, mwili hutengeneza kingamwili mpya, na mchezo huanza upya. Ndiyo maana homa ya malale huja na kupoa na kuja tena, na ndiyo maana chanjo haijapatikana. Mwanafunzi aonaye jambo hili ataelewa jinsi kiini, ribosomu na utando zinavyofanya kazi moja: agizo hutoka katika kiini, protini hutengenezwa na ribosomu, na matokeo huonekana juu ya utando.

Kwa nini punda alikufa na mpagazi akapona?

Mpagazi na punda walipita katika pori moja na kuumwa na mbung'o wale wale. Tripanosoma cha nagana kilimwua punda, lakini mpagazi hakikumdhuru. Mwaka 1902 Alphonse Laveran, Mfaransa ambaye mwaka 1880 alikuwa amegundua kimelea cha malaria, aliona kwamba maji ya damu ya binadamu huviua vimelea vya nagana. Jinsi yanavyoua haikufahamika kwa muda wa karne nzima. Mwaka 2003 watafiti wa chuo kikuu cha Brussels, Ubelgiji, walionyesha kwamba muuaji ni protini iitwayo APOL1, inayosafiri katika damu pamoja na mafuta.

Kimelea huidhani protini hiyo kuwa chakula. Huimeza kwa lango lake la mfuko wa mjeledi na kuipeleka katika lisosomu ili isagwe. Ndani ya lisosomu, ambamo mna uchachu, APOL1 hujipachika katika utando na kufanya matundu. Chumvi na maji huingia, lisosomu huvimba, na hatimaye kimelea hufa. Wanyama kama punda na ng'ombe hawana kinga hiyo.

Binadamu angekuwa salama kabisa kama jambo lingeishia hapo. Lakini aina iitwayo rhodesiense, ambayo J. W. W. Stephens na H. B. Fantham waliieleza mwaka 1910 kutoka kwa mgonjwa aliyeambukizwa katika bonde la Luangwa, ina jeni moja ya ziada. Jeni hiyo hutengeneza protini iitwayo SRA, ambayo kwa asili ni moja ya protini za koti iliyopunguzwa urefu. SRA huikamata APOL1 na kuizuia isitoboe. Kwa tofauti ya jeni moja, ugonjwa wa punda hugeuka kuwa ugonjwa wa mwenye punda.

Nchini Tanganyika malale ya aina ya rhodesiense yaligunduliwa Maswa mwaka 1922, na katika miaka iliyofuata yalionekana katika sehemu nyingi za magharibi. Serikali ya kikoloni, chini ya uongozi wa kitabibu wa Dkt. George Maclean, iliwahamisha maelfu ya watu kutoka katika vijiji vilivyotawanyika misituni na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa, ili kuwatenga na mbung'o. Familia ziliacha mashamba, mizinga ya nyuki na makaburi ya wazee wao. Pori walilolihama likarudi kuwa la wanyama na mbung'o. Kwa kuwa pongo na wanyama wengine wa porini, hata na ng'ombe, huweza kukaa na kimelea cha rhodesiense bila kuonekana wagonjwa sana, hazina ya ugonjwa ilibaki pale pale. Maeneo ya Urambo na Kaliua yaliendelea kutoa wagonjwa hadi karne ya 21.

Sukari na nguvu

Seli haiwezi kuishi bila nguvu. Seli nyingi za binadamu huanza kwa kuvunja glukosi katika ute wa seli, kisha hukamilisha kazi katika mitokondria kwa kutumia oksijeni. Seli nyekundu ya damu ni tofauti. Inapokomaa hutupa kiini na mitokondria ili ipate nafasi ya kubebea hemoglobini. Kwa hiyo huishi siku 120 hivi kwa nguvu ya kuvunja glukosi peke yake, wala haiwezi kujigawa.

Tripanosoma kikiwa katika damu ya binadamu hufanya vivyo hivyo: huvunja glukosi iliyo tele katika damu na karibu kuisahau mitokondria yake. Lakini kuna tofauti kubwa. Mwaka 1977 Fred Opperdoes na Piet Borst, wakiwa Amsterdam, waligundua kwamba vimeng'enya saba vya kwanza vya kazi hiyo havielei katika ute wa kimelea kama vilivyo katika seli zetu, bali vimefungiwa katika vifuko maalumu viitwavyo glikosomu. Kimelea kinapoingia tumboni mwa mbung'o, ambamo glukosi ni haba, hubadili maisha: huvua koti la damu na kuvaa jingine, mitokondria hupanuka na kuamka, na asidi amino iitwayo prolini huwa chakula chake kikuu. Seli ile ile moja, ikiwa na jeni zile zile, hujijenga upya kulingana na mahali ilipo.

Dawa ni maarifa ya tofauti

Robert Koch, aliyefanya uchunguzi katika Afrika Mashariki mwaka 1906 na 1907, aliwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa ya zarnikhi iliyoitwa atoxyl. Vimelea vilipungua katika damu, lakini baadhi ya wagonjwa walipofuka. Dawa iliwagusa adui na rafiki bila kuchagua. Historia ya matibabu ya malale tangu hapo ni historia ya kutafuta tofauti kati ya seli mbili.

Suramini, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1916, huingia katika kimelea kwa lango la mfuko wa mjeledi na huweza kuponya mgonjwa wa hatua ya kwanza, vimelea vikiwa bado katika damu na tezi. Katika hatua ya pili vimelea hupenya hadi ubongoni, na hapo suramini haifai. Sababu ni muundo wa seli za mgonjwa mwenyewe. Seli zilizojenga kuta za mishipa midogo ya damu katika ubongo zimeshonwa pamoja pasipo nafasi kati yake, na molekuli kubwa yenye chaji kama suramini haiwezi kupita. Ukuta huo unaoulinda ubongo na sumu ndio huo huo unaovilinda vimelea na dawa.

Melarsoproli, iliyotengenezwa na Ernst Friedheim mwaka 1949, hupita ukuta huo. Kimelea hakiwezi kujitengenezea viambato fulani vya DNA, basi kina malango ya kuingizia adenosini kutoka katika damu. Dawa hupitia katika malango hayo. Ndani ya kimelea hushika tripanothioni, kitu ambacho seli za binadamu hazina. Lakini bado ni zarnikhi. Katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa kwayo, 5 hivi au zaidi walikufa kwa ajili ya dawa yenyewe, hasa kwa madhara ya ubongo. Vimelea vilivyopoteza lango lile, navyo, vilishindwa kudhurika. Kwa miaka mingi tabibu alimdunga mgonjwa dawa hiyo akijua kwamba yeye mwenyewe huenda akawa sababu ya kifo, na kwamba asipoidunga kifo ni cha hakika.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaopendekeza fexinidazole kwa malale ya rhodesiense, baada ya majaribio yaliyofanywa Malawi na Uganda. Ni vidonge vinavyomezwa pamoja na chakula kwa siku 10, kwa wagonjwa wenye umri wa miaka 6 au zaidi na uzito usiopungua kilo 20. Dawa hii hupita hadi ubongoni. Kwa kadiri inavyofahamika, huingia ikiwa haina ukali, kisha kimeng'enya kimoja cha kimelea huigeuza kuwa sumu. Seli za binadamu hazina kimeng'enya cha aina hiyo. Silaha ya adui ndiyo inayomkata mwenyewe. Karibu miaka 120 tangu Koch, tofauti iliyotafutwa imepatikana katika kimeng'enya kimoja.

Kazi iliyobaki

Katika miaka ya karibuni wagonjwa wa malale ya rhodesiense wanaoripotiwa duniani kote wamekuwa wachache, wasiofika 200 kwa mwaka. Habari hiyo njema ina hatari ndani yake. Ugonjwa ukiwa adimu, watu husahau sura yake. Malale ya rhodesiense huanza kwa homa, maumivu ya kichwa na viungo, na pengine uvimbe mahali mbung'o alipouma. Yasipotibiwa huua kwa miezi michache. Dalili za mwanzo ni zile zile ambazo zahanati huzihesabu kila siku kuwa za malaria.

Zamani mtaalamu wa maabara aliyetafuta malaria katika tone la damu aliweza kukutana na tripanosoma bila kutarajia. Leo kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu kwa dakika chache, nacho ni msaada mkubwa. Lakini kipimo hicho hutambua protini za kimelea cha malaria tu. Hakiwezi kusema lolote juu ya malale. Kipimo cha haraka cha malale kinachotumika mahali pengine kilitengenezwa kwa aina ya gambiense, ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, na hakigundui rhodesiense. Kwa hiyo mrina asali, mvuvi au mkata kuni anayetoka pori la miombo akiwa na homa, na kipimo chake cha malaria kikaonyesha hasi, bado anahitaji jicho la mtu aliyefundishwa kutumia hadubini. Damu ikizungushwa kwa mashine katika mrija mwembamba, vimelea hujikusanya karibu na tabaka la seli nyeupe na kuonekana vikitembea. Vikipatikana, maji ya uti wa mgongo nayo hupimwa: seli nyeupe zikizidi 5 katika maikrolita moja, au kimelea kikionekana, ugonjwa umefika hatua ya pili. Mkoani Tabora utafiti wa malale umekuwa kazi ya kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, taasisi iliyoundwa mwaka 1979.

Mwalimu wa sekondari hana haja ya tripanosoma ili kuanza somo hili. Ngozi nyembamba ya kitunguu iliyotiwa tone la ayodini huonyesha ukuta wa seli na kiini kwa hadubini ya kawaida. Tone la maji ya kijani kutoka katika dimbwi lililotuama mara nyingi huwa na yuglena, kiumbe cha seli moja kiogeleacho kwa mjeledi, ambacho ni jamaa wa tripanosoma katika ukoo wa viumbe. Wanafunzi wakichore walichokiona, si kile kilichomo kitabuni. Wapime urefu wake kwa kulinganisha na upana wa uwanja wa hadubini. Kisha waeleze kila sehemu ina kazi gani, na kiumbe kingepungukiwa na nini kama sehemu hiyo isingekuwapo. Mwanafunzi aliyezoezwa hivyo darasani, akiwa siku moja zamu katika maabara ya hospitali ya Kitete au zahanati ya mbali huko Kaliua, hatalipita bila kulitambua umbo jembamba lililopinda kati ya seli nyekundu.